Mgeni Mwenye Karai

Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe. Methali hii husemwa zaidi kwa kumkejeli mgeni mvivu, lakini ina upande wa pili usiozingatiwa: apewaye jembe hupewa pia pa kulima. Huko Chanzuru, wilayani Kilosa, ambako jembe si methali bali ni riziki ya kila siku, jambo hili halihitaji mfafanuzi. Hata mkonge uliolimwa miaka mingi katika wilaya hiyo ulitoka ugenini. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida. Iliyosalimika ni 62 tu, ikapandwa Pangani. Leo hakuna auitaye mgeni. Na tangu karibu na mwaka 2000, mkonge wa Rudewa, humo humo Kilosa, unalimwa na kampuni ya serikali ya China. Mmea umekwisha kuwa mwenyeji, mlimaji je?

Suali hili humkabili zaidi Mchina mwenye mkahawa, aliyeingia mji wa Afrika Mashariki akiwa kijana na sasa ana mvi. Jembe lake ni karai. Kila jioni husimama mlangoni akasema "karibu", na neno hilo kwa asili ni la mwenyeji. Mwenye nchi ndiye aketiye akangoja kuandaliwa. Nani basi ni mgeni wa nani?

Atasema mtu: hii ni biashara, sahani imelipiwa, deni limekwisha. Hoja hiyo ina nguvu, ila haitoshi. Fedha hulipa wali na samaki. Hailipi umri wa mtu.

Sheria nayo ina mizani yake. Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, wala China haiutambui; atakaye mmoja hana budi auvue mwengine. Na Julai 2025, serikali ya Tanzania ilipowakataza wasio raia biashara za aina 15, zikiwemo za rejareja na saluni, ilikusudia kulinda riziki ya wananchi wenye mitaji midogo. Hilo si chuki. Mwenyeji asiye na pa kulima hana jembe la kumpa mgeni.

Lakini sheria hujibu nani ana ruhusa. Haijibu nani ni jirani. Kwa hilo watu wa pwani wana kipimo cha zamani, nacho ni msiba. Akifiwa mwenye mkahawa, je, waliokula kwake watakwenda kukaa naye? Na wakifiwa wao, je, atazima jiko, afunge mlango, aende akakae mkekani pamoja nao? Ikiwa pande zote mbili hujibu ndiyo, basi siku ya tatu ilikwisha kupita zamani, na aendeleaye kumwita mgeni anasahau kuhesabu.