Je, Msimu Uliopita Waweza Kufutwa?

Mwaka 2017 klabu ya Zoo ya Kericho ilipanda Ligi Kuu ya Kenya, na nchi yetu ya majani chai, ambayo aghalabu hutajwa kwa mvua zake na viwanda vyake, ikapata kutajwa pia katika habari za kandanda. Na mwaka 2021 Kamati ya Nidhamu ya FIFA, ilipoiona klabu hiyo ina hatia ya upangaji wa matokeo, ikaamuru iondolewe katika ligi hiyo na kushushwa daraja. Kati ya miaka hiyo watu wa Kericho na Bomet, wachumaji wa chai, walimu, makarani na wanafunzi, waliingia Kericho Green Stadium wakashangilia kwa nia safi. Swali langu lawahusu wao: furaha ile ilikuwa kweli, au ilibatilika siku ya hukumu?

Swali hili ni la kale kuliko mpira. Aristotle alikubali kwamba lililokwisha kutendeka haliwezi kufanywa kuwa halikutendeka, hata kwa qudra ya Mungu. Na katika karne ya 11 mtawa Petro Damiani, akichelea kwamba kauli ya namna hiyo yaupunguza uweza wa Mwenyezi, aliandika waraka mrefu kuutetea uweza huo. Nami, pamoja na taadhima yote niliyo nayo kwa uchaji wa Damiani, nasimama upande wa Aristotle, kwa sababu kuyafuta yaliyopita ni kuufuta pia ushahidi wa aliyedhulumiwa, na ushahidi huo ukifutwa sioni Siku ya Hukumu itahukumu nini.

Wanadamu tuna amri zetu. Ligi yetu ilianza mwaka 1963, Nakuru All Stars wakawa mabingwa wa kwanza. Msimu wa 1971 haukumalizika, ukabaki bila bingwa. Na ule wa 2019/20, uliokatizwa na korona, Gor Mahia walitangazwa mabingwa mwezi wa Aprili ilhali mechi nyingi hazijachezwa. Sisemi tangazo lile lilikuwa dhuluma, maana Gor Mahia ndio waliokuwa wakiongoza. Nasema tu kwamba msimu mmoja ulinyimwa taji na mwingine ukapewa, wala hapana bao hata moja, katika yaliyokwisha kufungwa, lililoongezeka au kupungua kwa ajili hiyo. Mkulima wa Bomet apelekaye majani yake kituoni alijua hili zamani: karani wa mizani akiandika kilo pungufu, kitabu kimesema uongo, lakini majani ni yale yale.

Upangaji wa matokeo, hata hivyo, ni uovu mzito zaidi, kwa kuwa uongo wake hauingii daftarini baada ya mechi bali umo ndani ya mechi yenyewe, na mtazamaji aliyeacha kazi zake akalipa kiingilio huonyeshwa shindano ambalo mwisho wake umekwisha kuuzwa. Hapo naona furaha yake ilikuwa kweli, maana moyo uliofurahi haukudanganya mtu. Kilichokuwa uongo ni kile alichopewa akifurahie. Fedha ya kiingilio yaweza kurudishwa. Imani aliyoiweka kwa wale ishirini na wawili uwanjani hairudishwi na kamati yoyote, wala hukumu juu ya klabu si hukumu juu ya kila aliyeivaa jezi yake, na kwa hiyo yule aliyecheza kwa uaminifu naye amedhulumiwa, tena pengine kuliko wote.

Kwa sababu hiyo nawasihi wenye kutunza kumbukumbu za ligi, na wazee wa Kericho wanaowasimulia vijana, wasiirukie miaka ile kwa kuionea haya. Iandikwe yote, kupanda kwa Zoo, mechi zake na hukumu yake, katika ukurasa mmoja.