Kufuma na Kufumba: Suala la Kusema Wazi katika Sanaa ya Hannah Ryggen

Suala la iwapo msanii anapaswa kusema wazi au kwa mafumbo limewashughulisha wahakiki wa fasihi ya Kiswahili kwa muda mrefu, na mifano inayotajwa haibadiliki sana. Hutajwa Muyaka bin Haji na siasa za Mombasa ya karne ya 19. Hutajwa pia Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kati ya 1969 na 1972 kwa sababu ya waraka usioficha lolote, Kenya: Twendapi?, na ambaye gerezani alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki, ambamo jazanda ina nafasi kubwa. Makala haya yanalitazama suala hilo hilo katika sanaa isiyotegemea maneno, yaani ufumaji.

Hannah Ryggen alizaliwa Malmö, Uswidi, mwaka wa 1894, na akaishi sehemu kubwa ya maisha yake katika shamba dogo huko Ørlandet, Norway. Alifariki mwaka wa 1970. Alikuwa amesomea uchoraji. Ufumaji alijifunza mwenyewe. Kitanda cha kufumia alitengenezewa na mumewe, Hans. Sufu ilitokana na kondoo, rangi zilitokana na mimea ya mahali hapo, na buluu yake mashuhuri ilihitaji mkojo, ambao wageni wa nyumbani walichangia. (Wanaopenda kuitenga sanaa na uchafu wa maisha wana la kufikiria hapo.) Hakutangulia kuchora kielelezo kwenye karatasi, picha ilizaliwa mshindio ulipokuwa ukipita katika mtande. Aliyoyafuma katika vitambaa hivyo vikubwa vya kutundikwa ukutani hayakuwa maua bali habari za magazeti.

Italia ilipoivamia Ethiopia mwezi wa Oktoba 1935, Ryggen alifuma Etiopia. Upande mmoja wa kitambaa hicho Mwethiopia amekitunga kichwa cha Mussolini kwenye mkuki. Hakuna jazanda hapo. Sura ni ya mtu anayejulikana. Kiswahili, kwa sadfa njema, kina neno moja, kufuma, kwa kazi ya nyuzi na kwa kazi ya mkuki, na ni vigumu kupata kitambaa kinachozistahili maana zote mbili kuliko hiki. Kazi hiyo ilipopelekwa Paris katika maonyesho ya kimataifa ya 1937, sehemu yenye kichwa hicho ilikunjwa isionekane, ili Italia isikasirike. Katika maonyesho hayo hayo, Guernica ya Picasso ilikuwa katika banda la Uhispania.

Ni rahisi kuhitimisha kwamba kuficha ni kosa na kusema wazi ni wema. Msomaji aliyelelewa pwani hawezi kukubali haraka hivyo. Mwanamke anayejifunga leso yenye jina linalomlenga jirani yake amesema, na hajasema. Akiulizwa, atajibu kwamba alipendezwa na rangi tu. Fumbo limempa mlango wa kutokea, na mlango huo ni haki yake, maana asiye na nguvu akisema wazi ndiye anayeumia. Methali yasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Mlengwa wa leso ataligangua bila shaka, ila hatapata ushahidi.

Mkunjo wa Paris ulificha pia, lakini ulimkinga nani? Ulimkinga mtu mwenye majeshi, ndege na gesi ya sumu. Tena uamuzi haukuwa wa mfumaji. Kilichobaki machoni pa watazamaji ni Ethiopia bila mkuki wake, na hapa ndipo lilipo dhara kubwa zaidi: waliotazama waliruhusiwa kuwahurumia Waethiopia, hawakuruhusiwa kuwaona wakipigana. Hivyo basi, swali la kimaadili halihusu wazi na fumbo kama mbinu za kifani. Linahusu nani anafumba, na kwa manufaa ya nani.

Pengine atatokea wa kudai kwamba uwazi wa Ryggen ulikuwa wa bei nafuu: Addis Ababa iko mbali na Ørlandet, na mwaka wa 1935 Norway ilikuwa huru. Dai hilo lina uzito, lakini halidumu. Ujerumani iliikalia Norway kuanzia 1940. Henry Gleditsch, mkurugenzi wa jumba la maigizo la Trondheim, aliuawa Oktoba 1942, na Ryggen akafuma 6. oktober 1942 wauaji wakiwa bado wanatawala. Mumewe alikamatwa mwaka wa 1944 na kufungwa, hatimaye katika kambi ya Grini. Aliyeweza kuifumia Ethiopia kwa mbali alifuma vivyo hivyo hatari ilipokuwa mlangoni, na hiyo ndiyo hoja inayotosha kumtofautisha na wale ambao ujasiri wao hutegemea umbali.

Mwaka wa 1958 alikamilisha kitambaa cha jengo la serikali mjini Oslo, Vi lever på en stjerne, chenye mwanamume na mwanamke waliokumbatiana. Tarehe 22 Julai 2011 bomu la gaidi wa mrengo wa kulia lililipuka nje ya jengo hilo, likaua watu 8, na kitambaa kikachanika sehemu ya chini. Kilishonwa. Alama ya mshono huo inaonekana hadi leo, na hakuna aliyeikunja.