Maji Meupe, Maji Mekundu

Maporomoko ya maji yana sura ngapi, na ipi kati ya hizo ni ya kweli? Swali hili huonekana jepesi mpaka mtu ajaribu kulijibu kwa kamera, akisimama mahali pamoja mwaka mzima.

Vijito vya vilima vya chai vya Mponde, upande wa Bumbuli, na maporomoko ya Soni yanayoonekana kutoka barabara ya Mombo kwenda Lushoto, huishi kwa mvua za aina mbili: masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya mwishoni mwa mwaka. Katikati huja kipupwe, ukungu ukitanda hata jabali lenyewe lisionekane. Msomaji wa pwani, ahesabuye mwaka kwa kusi na kaskazi, haoni ajabu hapo.

Picha inayopendwa, hata hivyo, ni moja tu: maji tele, meupe, laini kama hariri. Ulaini huo hutokana na kamera iliyoachwa wazi sekunde mbili tatu. Hakuna jicho lililopata kuuona. Tumsamehe mpiga picha, maana washairi nao hutia chumvi. Lililo zito ni kuchagua siku. Mvua kubwa ya masika ikishuka, maji hugeuka mekundu, yamebeba udongo wa mashamba ya miteremkoni. Udongo huo una mwenyewe, aliyeulima kwa jembe lake. Nao hauishii Soni: hushuka Mombo, ukaingia Mkomazi, kisha Mto Pangani, hata baharini. Anayengoja maji yatakate ndipo apige picha hajasema uongo. Amengoja ushahidi upite.

Kiangazi kikikaza, maporomoko huwa uzi. Mgeni husikitika, akidhani yamekufa. Lakini si yote yaliyonyweka na jua. Mengine yamekingwa huko juu kwa mifereji na kuhifadhiwa katika ndiva, mabwawa madogo ya asili ya Usambara na Upare, kisha yakafunguliwa kwa zamu yamwagilie kabichi, nyanya na karoti. Mboga hizo hushuka hadi masoko ya Tanga na Dar es Salaam. Alaye kachumbari mjini huenda amekula sehemu ya maporomoko bila kujua.

Washambaa wa enzi za wafalme wa Vugha walikuwa na maneno ya kupimia mambo haya: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mwanahistoria Steven Feierman aliyachambua katika kitabu chake cha 1990, akaonyesha jinsi mvua, njaa na utawala vilivyofungamana ndani yake. Kwa mizani hiyo, uzuri wa maji hauulizwi kwanza. Huulizwa yameitendea nini nchi. Mafuriko mekundu yanayomstaajabisha mpita njia yaweza kuwa jeraha, na uzi wa Septemba ukawa dalili ya afya.

Yaweza kuwa, kwani uzi huohuo waweza pia kutokana na msitu uliofyekwa kwenye chemchemi, au mfereji uliofunguliwa na mmoja na kuwanyima kumi. Picha mbili zitafanana kabisa, jabali lilelile na mwanga uleule. Hapo mpiga picha hana budi kuifunga kamera, apande juu ya maporomoko, aufuate mfereji hadi mwisho wake, aone shamba la nani limelowa.