Mwenye Kujitolea Hutoa Nini?

Neno kujitolea limebeba nafsi ndani yake. Atoaye fedha ametoa mali; atoaye siku ametoa sehemu ya umri wake; lakini ajitoleaye, kwa kauli ya neno lenyewe, amejitoa mwenyewe. Basi mhandisi, mkemia au mwalimu wa chuo anapokwenda kuwasaidia vijana katika sayansi na ufundi bila ujira, ni sehemu gani ya nafsi yake ambayo vijana wale wanaihitaji?

Wengi hujibu upesi kuwa ni maarifa. Jibu hili lina haki yake, kwani msaidizi asiye na maarifa ni sawa na nahodha asiyejua pepo. Lakini maarifa yamo vitabuni pia, na kitabu hakichoki wala hakidai shukrani. Kama maarifa yangalikuwa ndiyo yote, safari ya mtu mzima kwenda shuleni ingaliweza kufanywa na kifurushi cha vitabu. Kipo kitu kingine, na kisa kimoja cha Tanganyika hukionyesha vema kuliko hoja.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba. Yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa na sukari. Desturi ilikuwa kuyachemsha maziwa, kuyaacha yapoe, ndipo kuyatia katika jokofu. Siku moja nafasi ilikuwa haba, na Mpemba akayatia yake yangali moto. Baada ya saa moja u nusu aliyakuta yameganda, hali yale ya mwenzake, yaliyotiwa bila ya kuchemshwa, yalikuwa bado majimaji. Alipouliza sababu aliambiwa kuwa amechanganyikiwa, na kwamba jambo hilo haliwezekani. Baadaye, katika shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena; akajibiwa kwa mzaha kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Wenzake wakaufanya mzaha ule kuwa msemo wao.

Ndipo Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipokwenda Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Mpemba alisimama akauliza: maji ya kiasi kimoja yakitiwa katika vyombo viwili vilivyo sawa, haya yakiwa na joto la nyuzi 35 na yale nyuzi 100, kisha yakawekwa pamoja katika jokofu, kwa nini yale ya moto hutangulia kuganda? Wenzake waliona amewaaibisha mbele ya mgeni. Mgeni angaliweza kucheka pamoja nao, kwani cheo kilikuwa chake na ukumbi ulikuwa upande wake. Hakucheka. Alitaka kujua kama Mpemba ana hakika ya alichokiona, kisha akaahidi kukijaribu. Huko Dar es Salaam fundi wa maabara alifanya jaribio akaleta habari kuwa maji ya moto yametangulia. Lakini akaongeza kuwa watalirudia mpaka wapate jibu lililo sahihi! Mwaka 1969 makala ilichapwa kwa majina mawili, la Mpemba na la Osborne.

Osborne hakumpa kijana yule jibu, kwa kuwa hakuwa nalo. Alitoa fahari yake. Alikubali, mbele ya watoto, kuwa mtu ambaye hajui. Hicho ndicho kitabu hakiwezi kukitoa, maana kitabu hakina aibu ya kuogopa.

Yamkini atatokea mtu wa kupinga. Atasema kuwa maswali mengi ya vijana ni makosa matupu, na msaidizi ayasikilizaye yote hupoteza wakati na kuupamba ujinga. Ataongeza kuwa hata jambo la Mpemba halijakubaliwa na wote. Wapimaji waliolichunguza Uingereza, wakatoa habari zao mwaka 2016, hawakuona ushahidi wa kuliunga mkono. Haya ni kweli, lakini hayaipunguzi thamani ya tendo la Osborne. Yeye hakusema kuwa kijana amepata; alisema jambo lipimwe. Amsifuye mtoto bila ya kupima na amdharauye bila ya kupima ni ndugu wawili: wote wameikwepa kazi.

Fahari ina mlango mwingine pia, nao ni wa bidii. Katika maonyesho ya wanasayansi vijana, mfano wa yale yaliyoanza Dublin mwaka 1965 na yakafuatwa baadaye Tanzania na Kenya, msaidizi huweza kushikwa na hofu siku zikikaribia. Mashine ya kijana haigeuki, na mkono wa mtu mzima unawasha. Akiishika bisisi mwenyewe, mashine itageuka na watazamaji watashangilia. Lakini kijana atakuwa amesimama kando ya kitu kisicho chake, akikariri maneno yasiyo yake. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Anyoaye za mtoto ili ambandike zake mwenyewe hakumsaidia.

Wapo wapimao kazi hii kwa hesabu ya wahandisi watakaopatikana. Kwa kipimo hicho Osborne hakuvuna: makala yao ilipotoka, Mpemba alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyama pori katika chuo kilicho karibu na Moshi. Fizikia haikumpata. Lakini mtoto ambaye swali lake liliitwa upuuzi aliona watu wazima wakilibeba mpaka maabara, na aliporudishiwa jibu alirudishiwa pia jina lake. Kama hayo ni hasara, ni hasara ambayo kila mwenye kujitolea angepaswa kuiombea. Na yule ambaye hawezi kuivumilia ana hiari ya kutoa fedha, ambazo ni msaada pia, wala haziumizi fahari ya mtu.