Kinywa ni Amana: Nasaha kwa Wanaosomea Afya ya Meno

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake. Amma baad.

Muhula huu nimezungumza na wenzetu wanaosomea afya ya kinywa na meno kabla hawajaenda vijijini kwa mafunzo. Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, na fizi na meno wanayajua wao. Lakini nililowaambia linatuhusu sote: elimu ya kinywa ni amana, na wenye kudaiwa amana hiyo ni watu wa kawaida huko mitaani na vijijini.

Dini yetu haikuufanya usafi wa kinywa kuwa siri ya mtu na kioo chake. Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba lau si kuchelea kuutaabisha umma wake, angewaamrisha kupiga mswaki kwa kila Swala. Aliyekula kitunguu saumu kibichi alimtaka akae mbali na msikiti, kwa kuwa harufu huwaudhi wengine. Basi aliyesimama kando yangu safuni ana haki yake katika kinywa changu.

Sasa tutazame hapa kwetu Uganda. Mtoto mchanga anaharisha, ana homa, halali. Jirani anasema ni ebiino, yaani meno ya uongo yaliyojificha kwenye fizi. Wenzetu wa Tanzania huyaita meno ya plastiki. Mganga huichokoa fizi kwa kisu au waya wa gurudumu la baiskeli, akatoa kitu kidogo cheupe na kumwonyesha mama. Kitu kile ni jino changa la mtoto, aghalabu chonge, ambalo halijakomaa. Kuhara kunabaki palepale, na juu yake mtoto ameongezewa jeraha, damu inayomtoka na vijidudu. Wapo wanaofariki. Aliyehitaji maji ya chumvichumvi ya kunywa, zinki na kituo cha afya, amepewa kisu.

Mwanafunzi atakayemkuta mama huyu aseme nini? Akumbuke bedui aliyekojoa msikitini. Masahaba walitaka kumkemea. Mtume (s.a.w.) akawazuia mpaka alipomaliza, akaamuru ndoo ya maji imwagwe pale, kisha akamfundisha kwa upole. Mama yule alikwenda kwa mganga kwa kumpenda mwanawe. Ukimwaibisha, safari ijayo atakwenda usiku, nawe hutajua.

Lakini upole si kunyamaza. Imepokewa kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba anayetibu watu bila kujulikana kuwa na elimu ya tiba hubeba dhamana ya madhara. Hilo linamgusa mganga, na linakugusa nawe mwanafunzi: usiguse usichofundishwa, bali mpeleke mgonjwa kwa anayejua.

Ramadhani nayo ina somo lake. Wapo wanaoacha kusafisha meno mwezi mzima wakihofia saumu. Waambieni kwamba mswaki haubatilishi saumu. Wanazuoni wa Kishafi wengi wameuona makuruhu baada ya jua kupinduka, na dawa ya meno inatakiwa isimezwe. Njia nyepesi ni kupiga mswaki kwa dawa yenye floridi baada ya daku, kabla ya alfajiri, na tena usiku kabla ya kulala, hasa baada ya chai yenye sukari na tende za futari.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2022, lilikadiria kuwa watu karibu bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa. Wengi hawatakaa kamwe kwenye kiti cha daktari wa meno, lakini Ijumaa wako msikitini, na watoto wao wako madrasa. Basi ukifika kijijini, anza kwa kumsalimu imamu na mwalimu wa madrasa, uwaombe dakika kumi.

Ewe Mola, tunufaishe kwa tuliyojifunza, uwalinde watoto wetu, na uzifanye ndimi zetu kuwa laini kwa waja wako. Amin. Wabillahi tawfiq.