Kabureta Isiyo na Mwenyewe

Nyuma ya ghala la usharika niliohamishiwa miaka kadhaa iliyopita, huku nyanda za juu kusini, palikuwa na kibanda cha bati, na ndani yake pikipiki ambayo kuku walikuwa wameigeuza kiota. Ilikuwa Honda CG 125 ya zamani. Marehemu mwinjilisti wetu aliitumia kuzunguka mitaa minne ya usharika, mvua na jua, mpaka miguu ikamkatalia, nayo pikipiki ikabaki pale alipoiegesha mara ya mwisho. Baraza la wazee liliamua iuzwe kama chuma chakavu. Nikaomba niinunue mimi kwa bei ile ile aliyotaja mnunuzi wa vyuma, shilingi 120,000. Fedha nilimkabidhi mhasibu, nikapewa stakabadhi. Naitaja stakabadhi hiyo kwa sababu yanakuja mambo yasiyo na stakabadhi.

Wanaozijua pikipiki wataelewa kwa nini sikuikatia tamaa. Honda waliitoa CG 125 mwaka 1976, wakikusudia nchi zenye barabara mbovu na mafundi wa chini ya mti. Valvu zake husukumwa kwa fimbo badala ya kuendeshwa kwa cheni ya juu, na vitu vya kuharibika ni vichache. Baadaye viwanda vya China viliiga injini hiyo. Ndiyo maana spea nyingi za bodaboda za 125 mnazoziona kijiweni zinaingia kwenye pikipiki yenye umri mkubwa kuliko dereva wake.

Mimi na mke wangu tulikubaliana gharama zote, pamoja na ile bei ya kununulia, zisizidi shilingi 500,000. Kazi tuliifanyia nyuma ya nyumba ya mchungaji, mimi na mwanangu jioni, na fundi mmoja wa kwaya Jumamosi. Tangi tulilimwagia siki na kulitia konzi mbili za nati kuukuu, tukalitikisa kwa zamu mpaka mikono ikafa ganzi, kutu ikatoka kama uji wa ulezi. Fremu tuliipiga msasa, nayo rangi nikaipulizia mwenyewe, na mahali nilipokosea panaonekana hadi leo. Umeme wake ulikuwa wa volti 6 na platini, taa ikiwaka kama kibatari. Tukabadilisha magineti na koili, tukafunga CDI, ikawa ya volti 12. Siti ndefu tuliikata, tukachomelea keria ya kutosha sanduku la vyombo vya Chakula cha Bwana. Sidhani kama marehemu angekasirika. Yeye alikuwa akilifunga sanduku hilo mgongoni kwa kanga.

Ikabaki kabureta. Ya zamani ilikuwa imeliwa na unyevu, na sikio moja la kuifungia limevunjika. Mpya ya Kichina dukani ilikuwa shilingi 45,000. Fedha zilizobaki ni 38,000, na tyubu mbili bado hazijanunuliwa. Fundi akanipeleka kwa mtu anayeuza spea kuukuu juu ya turubai. Tukapata kabureta safi, imeoshwa kwa petroli mpaka inang'aa, kwa shilingi 12,000. Nilipoigeuza niliona chini ya bakuli lake mistari mitatu midogo iliyokatwa kwa tupa. Anayeishi karibu na waendesha bodaboda anajua mistari kama ile ni nini. Ni jina la mtu.

Sikuuliza ilikotoka. Nisieleweke vibaya: sikusahau kuuliza. Niliamua kutouliza, na kati ya mambo hayo mawili kuna umbali mkubwa. Nilijua nikiuliza, ama nitaambiwa uongo, ama nitaambiwa kweli na nitalazimika kuirudisha juu ya turubai. Nikatoa 12,000, nikaitia mfukoni mwa koti. Njiani fundi aliniona nimenyamaza. Akacheka, akasema, "Mchungaji, si Paulo mwenyewe aliwaambia wale nyama ya sokoni bila kuuliza?"

Jioni ile injini iliwaka kwa teke la tatu. Mwanangu alirukaruka. Nami nilirukaruka.

Baadaye, baada ya ibada, alinifuata kijana niliyempa kipaimara mwenyewe, sasa ni dereva wa bodaboda. "Shikamoo, Baba Mchungaji. Nimekuja uniombee." Usiku wa kuamkia Ijumaa wezi waliivua pikipiki yake mbele ya chumba alichopanga: kabureta, betri, vioo vyote viwili. Pikipiki ni ya mkataba. Kila siku anapeleka kwa mwenye pikipiki hesabu ya shilingi 10,000, na siku asipopeleka ni deni. Mwenye mali alishaanza kusema ataichukua pikipiki na kumpa mwingine. Tukapiga magoti sebuleni kwangu. Nikaomba kwa sauti kwamba Bwana amfichue aliyetenda uovu ule. Hatua kama ishirini kutoka tulipopiga magoti, ukutani kwa nje, ilikuwa imeegeshwa Honda yangu.

Ilinichukua siku tatu kupata ujasiri wa kumwuliza kama kabureta yake ilikuwa na alama. "Hapana, Baba. Yangu haikuwa na alama yoyote."

Usiku ule nililala usingizi mzuri. Asubuhi ndipo nilipoona aibu ya usingizi wenyewe. Nilikuwa nimefarijika kana kwamba mistari mitatu, kwa kuwa haikuwa ya kijana ninayemjua, haikuwa ya mtu yeyote. Yule mwingine, ambaye labda naye alipiga magoti kwenye sebule ya mchungaji wake, au shehe wake, hakuninyima usingizi kwa sababu sina sura yake. Mara nyingi nimemhubiri Zakayo kwa mkazo. Zakayo aliwajua aliowanyang'anya. Unafuu wangu ulikuwa kwamba mimi simjui wa kwangu.

Hapo ndipo nilipolirudia lile neno la fundi, maana lilikuwa linanikera kwa kuwa halikuwa la kijinga. Ni kweli kwamba katika 1 Wakorintho 10 Paulo anawaambia waumini wale kinachouzwa sokoni bila kuulizauliza kwa ajili ya dhamiri. Lakini ukisoma taratibu utaona alikuwa akizungumzia nini. Nyama ile ilihofiwa kuwa imetolewa kwa sanamu, na Paulo alikwisha kusema kwamba sanamu si kitu. Hakuna aliyenyang'anywa kwa sanamu kutajwa juu ya nyama. Nchi na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana, basi kula. Na mistari michache tu mbele, mara anapotokea mtu anayehusika, Paulo anageuka: akikuambia mtu kwamba hiki kimetolewa sadaka, acha, kwa ajili yake yeye na dhamiri yake. Ruhusa ya kutouliza inakoma pale jirani anapoingia mlangoni. Sanamu si kitu, lakini mwenye ile mistari mitatu ni mtu. Kumtumia Paulo kuifunika kabureta ni kuligeuza neno la uhuru kuwa turubai.

Tulipojifunza Katekisimo Ndogo tukiwa watoto, amri ya saba ilionekana rahisi kuliko zote. Usiibe: basi mimi siibi, tuendelee na ya nane. Lakini Luther, katika maelezo yake ya mwaka 1529, hakutuacha hapo. Anataja pia kupata mali ya jirani kwa bidhaa mbovu na biashara ya hila, kisha anaigeuza amri upande wa pili: tumsaidie jirani mali yake istawi na ilindwe. Nimefundisha maneno hayo miaka mingi bila kuyasikia. Yanamaanisha kwamba swali la amri ya saba halikomi kwenye mkono wangu uliochukua nini. Lipo pia swali kama nimekuwa mlinzi wa mali ya mwenzangu. Na mtu hawezi kuwa mlinzi huku amefumba macho. Hata sheria ya nchi haimwangalii mwizi peke yake. Inamtazama pia apokeaye mali ya wizi.

Hata hivyo sitaki kuliandika jambo hili kama mtu ambaye hajawahi kupungukiwa. Nilipomwuliza yule kijana alipataje kabureta nyingine, maana siku ya tano alikuwa barabarani, aliangalia chini. "Nilinunua kuukuu, Baba. Pale pale kwenye turubai. Elfu kumi na tano." Yaani aliyeibiwa alikwenda kununua mlango ule ule, na kwa bei kubwa kuliko yangu, na huenda aliyoinunua ilitoka kwenye pikipiki ya kijana wa kijiwe cha pili, ambaye naye atakwenda pale pale. Turubai lile haliishiwi mali. Wanaozunguka ndani yake ni maskini, wakiuziana hasara zao, na kila mzunguko mtu mmoja anapata faida.

Sikumkemea. Sijui ningemkemea kwa mdomo gani. Lakini wenzangu wengine katika utumishi, nilipowasimulia, walisema kwamba ikiwa yeye hakukosa basi nami sikukosa, maana tendo ni moja. Sikubaliani nao. Yeye alikuwa na siku nne za deni na pikipiki iliyo karibu kuchukuliwa. Mimi nilikuwa na pikipiki ya kupendezewa, na mshahara, mdogo lakini upo, na ningeweza kusubiri miezi miwili bila mtu yeyote nyumbani kwangu kulala njaa. Bei nafuu haiko sawa kwa kila anayeilipa. Anayeweza kusubiri na hasubiri, anamsukumia mwingine gharama ya haraka yake. Nadhani hili tunalijua sote tunaponunua simu kwa theluthi ya bei, mbao zisizo na alama ya maliasili, au mahindi usiku. Sisemi kila kitu kuukuu ni cha wizi. Spea nyingi hutoka kwa uhalali kwenye pikipiki zilizopata ajali, na wapo wauzaji waaminifu. Kwa sababu hiyo kuuliza si tusi. Mwaminifu hujibu.

Nilirudi kwa yule mtu wa turubai nikauliza, kwa kuchelewa. Hakukasirika. Alisema, "Mchungaji, ulinunua kabureta au ulinunua historia yake?" Nikakosa jibu, na fedha yangu hakurudisha. Sikutegemea.

Nikaifungua kabureta, nikaipeleka kijiweni, nikaiweka juu ya benchi mbele ya mwenyekiti wao na madereva kama kumi, nikaeleza nilivyoipata. Kuna waliocheka. Mmoja aliuliza kwa upole kama mimi ndiye mchungaji wa kanisa lile la juu. Hakuna aliyeitambua mistari mitatu. Mwenyekiti akaahidi kuwauliza wa vijiwe vingine.

Kwa mali iliyokosa mwenyewe Biblia ina neno, na neno hilo lilinichekesha na kunichoma pamoja. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 5, aliyemkosea mwenzake anatakiwa akiri, arudishe alichotwaa na kuongeza sehemu ya tano. Na kama hakuna jamaa wa kumrudishia, malipo yawe ya Bwana, kwa ajili ya kuhani. Kwa kuhani! Ningefuata herufi, ningejirudishia mwenyewe, kabureta pamoja na nyongeza. Afadhali Kumbukumbu la Torati 22, pasemapo kwamba ukimwokota mnyama wa ndugu yako usiyemjua, umtunze mpaka mwenyewe aje amtafute. Nikamwachia mwenyekiti. Katika mfuko wao wa kusaidiana nikatia 45,000, bei ya kabureta mpya. Si kama malipo ya dhambi, maana hilo limelipwa pengine na kwa kitu kingine. Msamaha niliupokea bure, kwa imani, kama sisi Walutheri tunavyofundisha. Lakini msamaha wangu haukuifunga kabureta yoyote kwenye pikipiki ya mtu yeyote. Mtu yule alikuwa bado anatembea kwa miguu, na kwake yeye toba yangu ilikuwa habari ya mbali.

Baraza la wazee niliwaeleza katika kikao kilichofuata. Mzee mmoja alisema nimelikuza jambo dogo. Mwingine, ambaye hunena mara chache, aliuliza mabati ya ghala letu yalinunuliwa wapi, maana bei yake ilikuwa nzuri mno. Kikao kilirefuka.

Honda ilikaa bila kabureta wiki tisa. Mke wangu aliuza kuku, wale wale waliotaga juu ya siti, na mwezi uliofuata tukanunua mpya yenye risiti. Naenda nayo mitaani sasa, sanduku likiwa nyuma. Nikipita kijiweni hupunguza mwendo. Ile ya mistari mitatu mwenyekiti aliitundika kwenye msumari wa kibanda chao, juu ya benchi, mahali kila dereva anapoweza kuiona. Mara ya mwisho nilipopita bado ilikuwa inaning'inia, imeshika vumbi.