Sadaka au Deni?

Sisi tukaao Tunduma tukivuka mpaka twaingia Nakonde, katika Zambia, ambako sheria ya mwaka 2021 yaruhusu bangi ilimwe kwa leseni, kwa ajili ya dawa na utafiti. Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, walitangulia mwaka 2020. Kwetu imekatazwa, wala hatuombi iruhusiwe. Lakini twauliza: Serikali ikitoza kodi mmea ule ule uliowatia watu gerezani, je, nyumba za wafungwa wale hazina haki katika fedha hiyo?

Huko Illinois, Marekani, wamekwisha kulijibu swali hili. Sheria yao ya mwaka 2019 ilitenga robo ya mapato yasaliayo baada ya gharama, iende katika mitaa iliyoumizwa na misako na vifungo.

Wengine husema, Mvunja sheria alipwe nini? Ni kweli, yeye alijua. Bali mtoto wake hakupanda kitu, naye ndiye aliyeacha shule.

Zakayo alitenga mafungu mawili: nusu ya mali yake kwa maskini, na malipo mara nne kwa aliowadhulumu, wala hakuyachanganya. Sare na madaftari ya mtoto yule sisi twayaweka katika fungu la pili, wala asidaiwe shukrani.